Windows 10 imekwisha, mashine bado nzima: Mint, Ubuntu, Zorin, Fedora au Debian?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Mashine hazikuzimika siku hiyo, na wengi hawakujua hata kama kuna kilichotokea. Shangazi yangu alijua, kwa sababu kompyuta ya steshenari yake ilikuwa ikimletea ujumbe kila mara kwamba haifai kupanda kwenda Windows 11. Akanipigia simu. "Mwanangu, hii mashine inaniambia imezeeka. Mbona kazi inapiga?"

Ni HP EliteBook 840 G3, mtumba wa Ulaya kama zilivyo nyingi mtaani: Core i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8. Haina ubovu wowote. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 na kuendelea. Kizazi cha 6 hakimo kwenye orodha, basi. Fundi mmoja akajitolea kumpigia Windows 11 kwa ujanja. Inawezekana kweli, masharti yanarukika, ila Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine iliyoingilia dirishani. Kuna pia mwaka mmoja wa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa Windows 10, unaoishia Oktoba 2026. Huo ni muda wa kujipanga tu.

Nikamshauri Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows. Likazuka swali ambalo kila anayehama hukwama nalo: Linux ipi?

Kazi zako kwanza

Ukisoma mabishano ya mitandaoni utadhani kuchagua distro, yaani aina ya Linux iliyofungashwa tayari kusakinishwa, ni kama kuchagua Simba au Yanga. Distro zote zimejengwa juu ya kiini kimoja, kile alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Fikiria mabasi ya mikoani: injini na chesisi zimetoka kiwanda kimoja, bodi zimeundwa kwenye gereji tofauti. Zinakotofautiana ni mpangilio wa skrini, duka la programu, masasisho yanakuja mara ngapi na mashine inalemewa kiasi gani. Mimi naongeza kipimo cha tano, ambacho waandishi wenye intaneti ya bure nyumbani hawakigusi kabisa: inakula bando kiasi gani.

Lakini kabla ya distro, chukua karatasi uandike programu unazozitumia kweli ndani ya wiki moja. Photoshop haina toleo la Linux. AutoCAD haina. Microsoft Office ya kusakinisha haina. Kuna ile ya kwenye kivinjari, na kuna LibreOffice, mbadala wake wa bure. Programu za uhasibu kama TallyPrime zimeundwa kwa Windows. Ipo Wine, inayoendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, ila usiiwekee riziki yako kabla hujaijaribu kwa programu ileile unayoitegemea. Kama unakula kwa AutoCAD, baki na Windows na wala usione haya.

Orodha ya shangazi ilikuwa hivi: kuchapa barua na mitihani ya walimu, kujaza fomu za mtandaoni, kuprinti, kuskani, na picha za paspoti. Nne za kwanza hazina neno. Ya tano ilikuwa Photoshop, na miaka mingi ya vidole kuzoea. Nilimfungulia GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, akaitazama kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Tukakubaliana kompyuta yake ya zamani ya mezani ibaki na Windows na Photoshop yake, ikatwe intaneti, ifanye kazi hiyo moja.

Kuhusu Word, niseme ukweli ambao wapenzi wa Linux hupenda kuuficha. LibreOffice hufungua docx, lakini barua iliyopangwa kwa majedwali na masanduku ya maandishi inaweza kuhama mistari. Mara nyingi kisa ni fonti. Calibri haimo kwenye Linux. Badala yake huwekwa Carlito, yenye vipimo vilevile vya herufi, na Cambria hupewa Caladea. Hakikisha hizo mbili zimo, kisha sakinisha pakiti ya fonti za Microsoft inayoleta Times New Roman na Arial, na nusu ya malalamiko itakwisha. Nusu iliyobaki: mwombe mteja alete PDF. Faili la Excel lenye makro ndilo gumu zaidi. Lijaribu mapema, hasa kama ni la mshahara wa watu.

Kwa upande wa faida, moja sikuitarajia kuwa kubwa hivyo. Steshenari hupokea flashi za wanafunzi kutwa nzima, na vile virusi vinavyoficha mafaili ya mteja na kuacha shotikati vilikuwa wageni wa kila siku. Vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux unaviona vimelala pale, mafaili yaliyofichwa nayo unayaona pembeni, unafuta takataka na kuprinti kazi ya mtu.

Mint na Ubuntu, ambako wengi wataishia

Ubuntu ilitoka Oktoba 2004, chini ya Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Hadi mwaka 2011 walikuwa wakituma CD bure kwa posta, na wapo wengi wa rika langu walioiona Linux mara ya kwanza ndani ya bahasha ile. Mint ilianza mwaka 2006 ikiongozwa na Clément Lefebvre, nayo imejengwa juu ya Ubuntu yenyewe. Mint 22 ya Julai 2024 inasimama juu ya Ubuntu 24.04 ya Aprili 2024, na zote mbili zinahudumiwa hadi 2029. Kwa hiyo maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa Ubuntu 24.04 yanafanya kazi kwenye Mint 22 bila kubadilisha herufi.

Kama ni mama na mwana, kwa nini basi nilimpa shangazi Mint?

Kwanza ni sura. Cinnamon, mazingira ya eneo-kazi ya Mint, ina menyu chini kushoto, upau chini, saa chini kulia. Anayetoka Windows anajua pa kubonyeza kabla hajafundishwa. Ubuntu inatumia GNOME, yenye upau wa kusimama upande wa kushoto na utaratibu wake wa kufungua madirisha. Ni nzuri ukiizoea, ila mtu mwenye foleni ya wateja hana nafasi ya kuizoea.

Pili ni bando, na hapa ndipo nina maneno zaidi. Faili la kupakua la Mint Cinnamon ni karibu GB 3. La Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6. Kwa mwenye faiba hiyo ni tofauti ya kikombe cha chai. Kwa anayepakua kwa simu, hiyo ni pesa. Halafu kuna Snap, mfumo wa Ubuntu wa kusambaza programu, ambao hata Firefox inakuja nayo. Usipoizuia, Snap hukagua masasisho mara 4 kwa siku na kuyapakua yenyewe. Unaweza kuisimamisha kwa amri moja, `sudo snap refresh --hold`, lakini anayehama leo ataijulia wapi? Mint imeifungia Snap mlango tangu mwaka 2020, na meneja wake wa masasisho anakuonyesha orodha pamoja na ukubwa, kisha anasubiri wewe useme ndiyo.

Mint nayo ina mtego wake. Katika duka la programu, programu moja inaweza kuwepo kwa njia mbili: pakiti ya kawaida ya mfumo na Flatpak. Flatpak ya kwanza utakayosakinisha huja na mizigo yake ya pembeni, na programu ndogo inaweza kukugharimu mamia ya MB. Ukiona zote mbili zipo, chagua pakiti ya mfumo. Pia fungua mipangilio ya vyanzo vya programu, uiache Mint ipime kasi ya seva mbalimbali, kisha uchague iliyo karibu nawe. Dakika 2 hizo utazishukuru mwaka mzima.

Tatu ni Timeshift, ambayo Mint inakuja nayo tayari. Inapiga picha ya mfumo kwa ratiba unayoiweka, na mambo yakiharibika unarudi jana. Iwashe siku ya kwanza. Ila jua kwamba inalinda mfumo. Nyaraka zako inaziacha, hivyo diski ya nje kwa ajili ya nakala bado unaihitaji.

Ubuntu ina mahali inapoishinda Mint, tena waziwazi. Kama unasomea mambo ya seva au programu, kazini utakutana na Ubuntu, na ni vema mkono uizoee. Kampuni ikitengeneza programu ya Linux, mara nyingi huijaribu kwenye Ubuntu kwanza. Na huduma ya Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa mtu binafsi hadi mashine 5, inaongeza masasisho ya usalama hadi miaka 10. Mwanafunzi wa kompyuta mwenye RAM GB 8 na Wi-Fi ya chuo, mimi ningempa Ubuntu bila kusita.

Zorin, kwa wanaopenda kupendezewa

Zorin OS inaundwa Dublin na ndugu wawili, na toleo lake la 18 walilitoa tarehe 14 Oktoba 2025, siku ileile Windows 10 ilipofikia kikomo. Bila shaka walikaa na kalenda. Nayo imejengwa juu ya Ubuntu, inakuruhusu kuchagua mpangilio unaofanana na Windows, na ukibofya faili la exe inajaribu kukuonyesha programu mbadala iliyopo. Toleo la Core ni bure. La Pro linalipiwa, na kwa mwanzo hulihitaji. Kama Mint unaiona imepitwa na fasheni, chukua Zorin. Kati ya hizo mbili sioni kosa kubwa la kufanya.

Fedora na Debian: mbio na utulivu

Fedora inadhaminiwa na kampuni ya Red Hat na hutoa toleo jipya takriban kila miezi 6, kila moja likihudumiwa kama miezi 13. Maana yake angalau mara moja kwa mwaka utapandisha mfumo mzima, na katikati masasisho yanamiminika. Malipo yake ni kiini kipya na draiva mpya: kama umenunua mashine ya mwaka huu na Wi-Fi yake haisomeki kwenye distro za polepole, Fedora huenda ikaisoma. Ila kwa sababu za hataza, baadhi ya kodeki, zile programu ndogo za kuchezeshea video, hazimo. Unaziongeza mwenyewe kutoka hazina ya RPM Fusion. Mashine ya mtumba haihitaji draiva za juzi. Ina chipu ambazo Linux inazijua tangu zamani, na bando lako utalilisha bure.

Debian ni kinyume chake. Ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na ndiyo bibi wa ukoo: Ubuntu imetoka kwake. Toleo la 13 lilitoka Agosti 2025, na toleo likishatoka, programu zake husimama pale zilipo kwa miaka, zikipokea marekebisho ya usalama na ya hitilafu tu. Kwa mwenye bando la kupimwa, hakuna distro kubwa yenye adabu kama hii. Faili dogo la kusakinishia halifiki GB 1, ingawa wakati wa kusakinisha litavuta vilivyobaki mtandaoni, hivyo usijidanganye kwamba umemaliza. Zamani Wi-Fi ilikuwa kilio, kwa kuwa diski ya Debian haikuja na programu dhibiti zisizo huria. Tangu toleo la 12 la mwaka 2023 zimo.

Ndiyo ninayoitumia mimi. Sikumpa shangazi kwa sababu Debian inakuuliza maswali, na inategemea utajua majibu. Ipo njia ya kati: LMDE, Mint iliyojengwa moja kwa moja juu ya Debian, yenye sura ileile ya Cinnamon.

| | Faili la kupakua | RAM ya kufanyia kazi bila kero | Huduma |
|---|---|---|---|
| Mint 22 Cinnamon | karibu GB 3 | 4, afadhali 8 | hadi 2029 |
| Ubuntu 24.04 | karibu GB 6 | 8 | hadi 2029, zaidi kwa Pro |
| Fedora Workstation | zaidi ya GB 2 | 8 | miezi 13 |
| Debian 13 | chini ya GB 1, mengine baadaye | kutegemea eneo-kazi | kama miaka 5 |

Safu ya RAM ni makadirio yangu ya mtu mwenye kivinjari chenye tabo kadhaa na nyaraka 2 wazi. Watengenezaji wenyewe hutaja viwango vya chini zaidi. Mint kwa mfano husema GB 2 zinatosha. Zinatosha kuwaka.

Mashine dhaifu

Ukiwa na GB 4, Cinnamon itakwenda, ila afadhali Mint ya Xfce, yenye eneo-kazi jepesi zaidi, au MX Linux, ambayo ni mtoto mwingine wa Debian na ni mwepesi wa miguu. Lubuntu pia inafaa. Ukiwa na GB 2 utaweza kuandika na kusoma, ila hakuna distro itakayokuokoa na kurasa za leo: mlaji ni kivinjari. Na kama prosesa ni ya biti 32, milango inafungwa mmojammoja. Hata Debian 13 haina tena kisakinishi cha mashine hizo.

Kabla ya kuhangaika na majina mepesi, uliza kwanza diski. Kama ndani kuna diski ya kuzunguka, ile inayonguruma, nunua SSD, hata ndogo. Nimeona mashine ya Core i5 ya kizazi cha 3 ikifufuka kwa SSD kuliko kwa distro yoyote.

Kijana wa IT mtaani atakuambia uweke Arch, distro ya wanaopenda kujijengea kila kitu wenyewe. Msikilize, mshukuru, endelea na safari yako.

Jaribu kabla hujafuta

Distro zote nilizozitaja zinaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ilimradi kwa Debian uchukue lile faili la majaribio badala ya lile dogo. Ukiwa na flashi ya GB 16, weka Ventoy, programu ya kuwashia distro nyingi kutoka flashi moja, kisha nakili mafaili ya distro mbili tatu kama unavyonakili nyimbo. Ukiwasha mashine utachagua. Kaa nayo jioni moja. Wi-Fi inashika? Sauti? Projekta? Ukifunga kifuniko na kukifungua, inaamka? Chomeka printa na utoe ukurasa mmoja, maana printa ndizo huamua ndoa hii. Za HP zina mfumo wao wa HPLIP, za Epson za matanki ya wino kwa kawaida hukubali, lakini baadhi ya printa za leza za bei nafuu za zamani zitakutesa kwenye distro yoyote ile. Wi-Fi ikigoma, chomeka simu kwa waya na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Kwa kawaida Linux huisoma papo hapo, na kwa njia hiyo unapakua draiva iliyokosekana.

Faili lenyewe lipakue kutoka tovuti rasmi na uhakiki namba yake ya SHA256, ile alama ya faili unayoilinganisha na iliyoandikwa kwenye tovuti. Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Mint na kuwaelekeza watu kwenye faili lenye mlango wa nyuma. Ukipewa na rafiki kwenye flashi, hakiki vilevile.

Wakati wa kusakinisha utaulizwa kama ufute diski yote au uweke pembeni ya Windows. Soma sentensi hiyo mara mbili. Miaka ya nyuma niliisoma nusu, na picha za harusi ya kaka yangu zikaenda na maji. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, tafuta ufunguo wake kwanza au izime kabla ya kuanza. Na ukiamua kuweka mifumo miwili, usishangae saa ya Windows ikirudi nyuma kwa saa 3: Linux huandika saa ya kimataifa kwenye mashine, Windows huidhani ni ya hapa, na sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3 kamili. Ndani ya Linux andika `timedatectl set-local-rtc 1`, yatakwisha.

Shangazi nilimwekea Mint Cinnamon siku ya Jumapili, duka likiwa limefungwa. Jumatatu saa mbili asubuhi simu ikalia. Nikajua yameanza.

"Mwanangu, hii Word yako mpya ina Kiswahili cha kusahihisha maneno?"

Haikuwa nayo, nikamwambia nitakuja jioni kuiangalia. Akasema nisisahau kupitia kwa fundi, ana waya wake wa printa.